Karafuu maiti sandukuni

Bibi aliiita karafuu maiti, ingawa haina undugu na karafuu. Ni kafuri, kwa Kiarabu kafur, inayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye vipande vya mti unaoota China na Japani. Jina la maiti limetokana na josho la maiti wa Kiislamu: maji ya mkunazi kwanza, ya mwisho yatiwe kafuri kidogo iliyosagwa. Aliyefia kwenye ihramu, yaani akiwa katika hija au umra, hatiwi.

Mimi naitia sandukuni mwa nguo, kufukuza nondo. Funga vipande viwili vitatu kwenye kitambaa, weka pembeni, visiguse nguo. Huyeyukia hewani, hivyo kagua mara kwa mara, uongeze. Vile vidonge vya duara vya kufukuzia nondo mara nyingi ni naftalini, usivioshee maiti! Na ficha mbali: mtoto akimeza kafuri hupata degedege.