Articulate: jinsi ya kulitumia hili neno bila kujichanganya

Wengi wakisikia fulani ni articulate wanajua basi anaongea kingereza cha puani, hapana jamani. Mtu articulate ni yule anayejua kujieleza, yani wazo linatoka limepangika na wewe unalielewa bila kuulizauliza. Lafudhi haihusiki kabisa, yule bibi ambae akisimama kwenye kikao cha ukoo wote kimya maana jambo analichambua kipande kwa kipande, huyo ndo articulate mwenyewe. Kuna mwingine anashusha yai mpaka unashangaa ila akikaa chini hujui kasema nini, huyo muite fluent tu, yani anayeongea lugha bila kukwama, inatosha.

Neno limetoka kwenye kilatini articulus, kiungo kidogo, kama vile vya vidole, ndo maana waingereza lile lori lenye kichwa na tela wanaliita articulated lorry. Shika hiyo picha ya viungo hutasahau.

Sasa matamshi, hapa ndo tunapopotea. Likiwa sifa mwisho ni mfupi, aa-TI-kyu-lit. Likiwa kitenzi mwisho unavutwa, aa-TI-kyu-leit. Kwa hiyo she is very articulate ni lit, ila he can't articulate his ideas ni leit, na herufi ni zilezile kwahiyo ukiwa unasoma kwa sauti angalia kwanza neno linafanya kazi gani kwenye sentensi. Halafu ni an articulate speaker, sio a articulate.

Kinyume chake inarticulate, sio unarticulate. Na usidhani inarticulate ni mjinga, hata msomi akipandwa na hasira maneno yakamgomea unasema he was inarticulate with rage.

Kingine, na hiki kamusi nyingi hazikwambii, ukiwa Marekani usimsifie mtu mweusi kwa hili neno hovyohovyo. Mwaka 2007 Joe Biden alimuelezea Barack Obama kuwa ni articulate, nia yake ni kusifia, ikawa kesi mpaka akasema anajuta. Watu weusi wa kule wanasikia kama unasema "kumbe na nyie mnajua kuongea", sifa yenye mwiba ndani. Mimi ningesifia kile alichosema badala ya kumsifia yeye, you explained that really well, imeisha hiyo na hakuna atakayenuna.