Bwawa la kuogelea: kupanga bei ya katikati ya wiki na ya wikendi kama vituo vya kuskii

Kituo cha kuskii (kuteleza kwenye theluji) cha Colorado, Marekani, na bwawa la kuogelea Kasarani vina ugonjwa mmoja. Lifti ya kupandisha watu mlimani ina viti vile vile Jumanne na Jumamosi, na umeme, mafundi na waokoaji hulipwa hata mteremko ukiwa mtupu. Kiti kilichopanda bila mtu hakiwekwi akiba kikauzwa wikendi. Ndiyo maana vituo hivyo hupanga bei kwa kuangalia nafasi iliyobaki. Bwawa nalo lipangiwe hivyo hivyo.

Anza kwa kuhesabu. Kwa wiki 6, keshia aandike kila saa walioingia na waliotoka. Unachotafuta ni idadi ya walio ndani kwa wakati mmoja, si jumla ya tiketi za siku. Kisha weka kikomo. Ukubwa wa bwawa pekee hautoshi. Mara nyingi kinachobana ni makabati, bafu, idadi ya waokoaji na nguvu ya pampu ya kuchuja. Watu wakizidi, klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu) huisha haraka. Ikishuka chini ya miligramu 1 kwa lita, maji hukosa ung'avu na macho ya watoto huwasha. Wengi hudhani klorini imezidi, kumbe iliyofaa imekwisha na iliyobaki imeungana na jasho na mkojo. Wikendi pima kila baada ya saa mbili. Idadi inayofanya vipimo vianze kuyumba ndiyo kikomo chako, hata kama bado unaona nafasi ya kusimama.

Chukua mfano wa bwawa ambalo wageni hukaa kutwa na kikomo chake ni watu 150. Siku ya kazi, kwa shilingi 500, wanaingia 30. Mgeni mmoja wa ziada anagharimu kama shilingi 40 za maji, sabuni na dawa, mishahara haibadiliki. Kwa hiyo unabaki na 460 kwa kila mtu, jumla 13,800. Ukishusha hadi 350 unabaki na 310, na unahitaji watu 45 ili usipoteze. Wakifika 38 tu baada ya wiki 6, rudisha bei. Punguzo halimtoi mtu ofisini Jumatano. Linawafaa wanafunzi wa vyuo, wanaofanya kazi kwa zamu, wazazi wenye watoto wadogo na vikundi vya shule. Tangazo liwafikie hao.

Jumamosi, kwa 500, wanafika 220. Ukipandisha hadi 650 wakabaki 150, unapata 91,500 baada ya gharama. Ukiwaingiza wote 220 kwa bei ya zamani, unapata 101,200. Hiyo 9,700 ya ziada ndiyo inayowaponza wenye mabwawa wengi, kwa sababu hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana wiki zinazofuata, familia zilizopanga foleni ya bafu zinapohamia kwingine.

Kwenye bango, 650 iandikwe kuwa bei ya kawaida na 350 kuwa punguzo la Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiandika "wikendi ongeza 300", mgeni atahisi anatozwa faini. Kama umesajiliwa kwa VAT, bei hizo ziwe tayari zina asilimia 16.

Usifuate majina ya siku tu. Vituo vya Marekani huihesabu wiki ya Krismasi na ile ya sikukuu ya marais (Presidents' Day) mwezi Februari kuwa siku za kilele, hata ikiwa ni Jumanne. Nairobi, tia kwenye kalenda Madaraka, Mashujaa, Jamhuri na likizo za shule za Aprili na Desemba. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake ni mapumziko. Keshia asiposoma kalenda, atauza tiketi za 350 bwawa likiwa limejaa. Agosti ni likizo lakini kuna baridi, kwa hiyo iache kwenye bei ya siku za kazi mpaka hesabu ikuonyeshe vingine.

Anayelipa mapema kwa M-Pesa kwa tarehe maalumu apunguziwe kidogo. Bei ya langoni ndiyo iwe ya juu kabisa. Faida yake ni kwamba kufikia Ijumaa jioni unajua waokoaji wangapi waje.

Kadi ya msimu ina hesabu yake. Vail Resorts, kampuni ya Marekani yenye vituo vya kuskii, ilipoanza kuuza kadi yake ya msimu, Epic Pass, mwaka 2008 kwa dola 579, pesa ziliingia kabla theluji haijaanguka. Wewe uza kadi Septemba, kabla ya joto la Desemba hadi Machi, na ya bei nafuu isitumike siku za kilele. Tarehe hizo zichapishwe kwenye kadi yenyewe, la sivyo ugomvi utakuwa langoni Desemba 26.

Bangili za karatasi ziwe na rangi tofauti kila siku, maana tiketi ya Alhamisi hurudi Jumamosi. Na ukijaribu bei mpya, badilisha moja tu kwa wakati, nje ya miezi ya mvua, na uiache wiki 6 kabla ya kuigusa.