Siku Moja ya Kambi ya Tiba ya Misheni: Namna ya Kuiendesha Bila Kumdhuru Mgonjwa

Kambi ya siku moja hufaulu au huharibika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Timu ikifika nchi ya watu bila kibali, bila hesabu ya wagonjwa na dawa zikiwa bado zimechanganyika masandukuni, upendo wake wote hautaokoa mchana.

Kwanza kibali. Kila daktari na muuguzi awe na nakala ya idhini kutoka mamlaka ya afya ya nchi mwenyeji. Kisha kiongozi wa timu akae na mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu, amuulize mambo matatu: hapa mnatibu kwa mwongozo gani na kwa dawa zipi, mgonjwa mahututi apelekwe wapi na kwa gari gani, na nani atamwona mgonjwa huyu wiki ijayo. Msamaria wa Luka 10 hakuishia kumwaga mafuta na divai. Alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kupita tena. Mganga wa kituo ndiye mwenye nyumba ya wageni wako. Usianze kazi kabla hajakujua.

Halafu hesabu ya namba. Tabibu anayezungumza kupitia mkalimani hutumia kama dakika 12 kwa mgonjwa mmoja. Saa 6 za kazi halisi ni wagonjwa 30. Matabibu 4, wagonjwa 120. Gawa namba za foleni 105, na hizo 15 zibaki kwa ajili ya wenye hali mbaya watakaoletwa bila namba. Kosa linalojirudia ni kugawa namba 300 kwa sababu moyo umeona huruma langoni. Kufikia alasiri kila mgonjwa anapewa dakika 3, meza ya dawa imeelemewa, na hapo ndipo mtoto anapopewa dozi ya mtu mzima.

Usiku huohuo fungasheni dawa. Kila pakiti iandikwe jina la dawa, nguvu yake, kiasi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi na tarehe ya kuisha. Chora jua na mwezi kwa asiyesoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapoingia nchini. Iliyobakiza miezi miwili iacheni nyumbani. Na angalieni sana dawa za maji. Parasetamoli ya watoto huja kwa nguvu tofauti: moja ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine 250. Mtoto wa kilo 8, kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji 120. Kijiko kilekile cha chupa ya pili kitampa zaidi ya mara mbili. Chagueni nguvu moja tu kwa kambi nzima, nyingine isitoke sandukuni.

Asubuhi

Ibada ya timu iwe fupi, dakika 15, saa 12 kamili, kabla ya kufika uwanjani. Watu waliotembea usiku wasisubiri juani wakati timu inaimba.

Panga meza kwa mwelekeo mmoja: usajili, vipimo, tabibu, dawa, maombi, kutokea. Mtu akiweza kurudi nyuma kwenye mstari, foleni mbili zitakutana na kadi zitapotea. Kamba na vijana wawili wa kanisa mwenyeji wanatosha kulinda mwelekeo huo. Kati ya tabibu na tabibu weka pazia, hata la shuka, maana hakuna mama atakayesema shida yake ya ndani mbele ya jirani. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwe kwenye kila meza ya tabibu.

Kabla ya namba ya kwanza kuitwa, muuguzi mzoefu apite kwenye foleni yote akitazama nyuso, na arudie kila saa. Anawatafuta hawa: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, mtu anayehangaika kupumua, mjamzito anayetokwa damu, au mwenye kichwa kinachouma sana na macho yasiyoona vizuri, mwenye maumivu ya kifua. Hao huingia moja kwa moja. Aliyekohoa zaidi ya wiki 2 apewe barakoa, akae mahali penye hewa, na aonwe mapema, kwani inaweza kuwa kifua kikuu.

Meza ya vipimo

Hapa ndipo haraka huzaa magonjwa ya uongo. Presha ipimwe baada ya mtu kukaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umeshikiliwa usawa wa moyo, bila kuzungumza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo beba saizi angalau mbili. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudia. Kipimo cha 150/95 cha siku moja kiandikwe kwenye kadi na mgonjwa aelekezwe kituoni akapimwe tena. Usimwanzishie vidonge vya siku 30 ambavyo kituo hakina: vitakwisha, presha itapanda, naye ataamini amepona kwa sababu mgeni alimtibu. Kuanzia 180/120 pamoja na dalili kama maumivu ya kifua, kupooza au kuchanganyikiwa, hiyo ni rufaa ya saa hiyohiyo.

Mtoto apimwe uzito bila viatu, na kilo ziandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi, maana kila dozi inayofuata inategemea namba hiyo. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa kasi. Kwa wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono wa juu ukiwa chini ya milimita 115, au miguu yote miwili ikivimba na kubonyea, huo ni utapiamlo mkali. Mpelekeni kituoni, msimalize shida kwa vitamini.

Kipimo cha haraka cha malaria kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, si kabla wala baada. Kikisahaulika mezani, mstari unaweza kujitokeza wenyewe.

Kwa tabibu na kwenye dawa

Mkalimani akae pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo, nawe umtazame mgonjwa. Sema sentensi moja, ngoja. Usimtumie mtoto kumfasiria mama yake. Mkalimani akijibu "hapana" baada ya mgonjwa kuzungumza dakika nzima, uliza tena.

Mezani kwa dawa wawepo wawili: mmoja anatoa, mwingine anasoma kadi na pakiti kwa sauti. Kisha mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyotumia. Pakiti ya lita 1 ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kumnywesha anayehara, huingia lita 1 ya maji safi, yote kwa pamoja, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Wengi hugawa pakiti vikombe vidogo, na chumvi inazidi. Zinki huendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Albendazole, dawa ya minyoo, ni miligramu 400 mara moja kuanzia miaka 2, na 200 kwa wa mwaka 1. Kwa mdogo isagwe, isimkabe. Mwanamke aulizwe kama ana mimba changa, na kama anayo asipewe.

Maombi yaje baada ya dawa kuwa mkononi, ili asiwepo hata mmoja atakayedhani dawa ni malipo ya kuombewa. Uliza kama angependa. Akikataa, mshukuru na umwonyeshe njia ya kutokea. Anayewaombea wagonjwa asisomewe kadi, asipige picha, wala asimwambie mtu yeyote aache dawa.

Kufunga

Namba ya mwisho iitwe saa 9 alasiri, si giza likiingia. Sindano hazirudishiwi kifuniko. Huingia kwenye kisanduku chake, ambacho hufungwa kikifika robo tatu na kupelekwa kituo chenye kichomeo. Aliyejichoma sindano aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, atoe taarifa papo hapo, na aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72.

Dawa zilizobaki asiachiwe mtu binafsi. Kituo kikizihitaji, kipewe pamoja na orodha yenye idadi na tarehe za kuisha. Orodha ya pili ni ya rufaa: jina, umri, tatizo, alichopewa, imeandikwa kwa lugha ya kituo. Kesho yake, kabla gari halijaondoka, mmoja wenu aende kituoni na orodha hiyo aone nani amefika. Wasiofika, kanisa mwenyeji liwatembelee siku hiyohiyo.