Urea ya kiganja inaunguza ukoka wako

Wiki iliyopita niliitwa Ilazo, hapa Dodoma, kuangalia bustani ya mama mmoja. Ukoka wa mita 12 kwa 8, na katikati michirizi ya kahawia iliyopinda kama upinde, ikifuata mkono wa kijana aliyemwaga mbolea. Nilipoinama na kufunua majani, punje nyeupe bado zilikuwa chini pale, na harufu ikachoma pua kama zizi la mbuzi asubuhi. Kilo 5 za Urea, saa 6 mchana, ardhi kavu, na zamu ya maji keshokutwa.

"Si ndiyo mbolea ya kukuzia, bwana shamba?" kijana akaniuliza.

Ndiyo. Ila kwenye mahindi unaweka kisoda kando ya shina, unafukia. Kwenye ukoka hufukii kitu. Punje isiyopata maji inavuta unyevu wa jani lenyewe, na kwa joto letu sehemu ya naitrojeni inapaa hewani. Umelisha upepo na majani umeyaunguza.

Soma namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Ya kwanza ni naitrojeni, inayoleta ukijani. Ya pili fosforasi, ya mizizi. Ya tatu potasiamu, inayosaidia nyasi kuvumilia ukame na kukanyagwa. Urea ni 46-0-0, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, yenye 26 ina kilo 13 tu. Wengi wanalinganisha bei ya mfuko bila kuangalia kilichomo.

Kipimo sasa, na hapa nitakuwa mkali. Kwa kila mita za mraba 100, naitrojeni gramu 300 zinatosha kwa mara moja. Chukua 30,000, gawa kwa namba ya kwanza, jibu ni gramu za mbolea: Urea 650, CAN 1,150, NPK 17-17-17, yenye vyote vitatu, kama 1,750. Yule mama alimwagiwa zaidi ya mara saba! Kiganja si mizani. Kama huna mizani, kapimiwe dukani na uandike uzito juu ya mfuko.

Mwagilia jana yake, ili udongo uwe na unyevu. Siku yenyewe subiri jua lipungue, saa 10 jioni hivi, majani yakiwa makavu kabisa. Changanya mbolea na ndoo moja ya mchanga mkavu, gawa mafungu mawili: moja ukitembea kwa urefu, la pili kwa upana. Kisha maji papo hapo, ndoo 30 za lita 20 kwa mita hizo 100. Si kesho. Kama leo si zamu yenu ya maji na tenki ni tupu, mbolea ibaki stoo. Kutegemea wingu la Novemba ni kubahatisha. Hapa mvua huja ikijisikia. Rudia baada ya wiki 6, na kiangazi cha maji ya shida usirudie kabisa.

Kwa Dodoma mimi huchagua CAN kwa ukoka uliokwisha shika, kwa kuwa haipotei hewani kama Urea. NPK 17-17-17 weka mara moja mvua zikishakolea. DAP ni ya kupandia, kilo 1 kwa mita za mraba 100, ichanganywe na udongo kina cha sentimita 10. Kuimwaga juu ya ukoka mkubwa ni kutupa hela.

Siku 7 hadi 10 rangi itakolea.

Ukishakosea, usikimbilie mpira wa maji. Fagia kwanza punje zikiwa kavu. Kijana wa Ilazo alitumia ufagio wa chelewa, akajaza karibu kopo la rangi la lita 4. Tuliazima maji kwa jirani, ndoo 60 jioni ile na 60 keshokutwa, bomba lilipotoka. Kwenye michirizi majani yamekufa, lakini nilipochimba kidogo kwa kidole, mashina yanayotambaa chini bado yalikuwa meupe, yaani hai.