SOMO: Kuunganisha simulesheni ya DIS na ramani ya ATAK (soma kabla ya kunifuata PM)

Wakuu, salaam.

PM zimejaa swali lilelile: "Simulesheni inakimbia, mbona kwenye ramani ya kamanda hakuna kitu?" Naandika mara moja tu. Mfano ni zoezi la uokoaji wa mafuriko Jangwani, Dar: magari na boti ziko kwenye simulesheni, kamanda wa zoezi anaziona kwenye ATAK, programu ya ramani ya simu za Android, ile ya kiraia inayopatikana bure.

Hatua ya 1. Kompyuta ya simulesheni na simu ya kamanda ziwe kwenye ruta moja.

Hatua ya 2. Washa DIS (kiwango cha IEEE 1278, njia ambayo simulesheni hutangaza vyombo vyake kwenye mtandao), UDP, poti 3000. Fungua Wireshark, programu ya kuchungulia mtandao, uone pakiti zinapita. Kama hazipiti, ruhusu poti kwenye faiawoli.

Hatua ya 3. Andika daraja: programu ndogo inayosoma pakiti za DIS na kutema XML ya CoT (Cursor on Target), lugha ambayo ATAK inaielewa. Tumia Python na maktaba ya Open-DIS, iliyotoka Naval Postgraduate School kule Monterey. Usianze kuchambua baiti kwa mkono, hakuna atakayekupa medali. Tuma kwenye 239.2.3.1, poti 6969, anwani ya pamoja ambayo ATAK huisikiliza.

Hatua ya 4. Uid (kitambulisho ndani ya CoT) ya kila chombo ijengwe kwa namba zake tatu za DIS: kituo, programu, chombo. Ukizalisha uid mpya kwa kila pakiti, boti moja itajaza ramani kama dagaa Feri.

Hatua ya 5. DIS haitumi latitudo wala longitudo. Inatuma X, Y, Z kwa mita kutoka kitovu cha dunia. Kwa Dar utaona X kama milioni 4.9, Y milioni 4.0, na Z hasi, kama laki saba na nusu. Alama ya hasi ikidondoka njiani, ambulensi yako iko Ethiopia.

Hatua ya 6. SAA. Hapa someni taratibu, ndipo PM nyingi zinapotoka. Alama ya muda ya DIS inahesabu tangu saa iliyopo ilipoanza, basi. Haijui ni saa ngapi wala tarehe ngapi, kwa hiyo daraja ndilo linaloijaza kutoka saa ya kompyuta. CoT nayo inataka muda wa UTC (saa ya dunia) wenye Z mwishoni. Saa 4 asubuhi ya Dar ni 07:00Z. Ukiandika 10:00Z, umempeleka kamanda saa tatu mbele, na muda wa kuisha (stale) unasogea vilevile. Chombo kilichokwishafutwa kwenye simulesheni kitaendelea kuonekana kizima kwenye ramani hadi mchana, na watu watatumwa kukifuata. Ukikosea upande wa pili, alama inafika ikiwa imeshaisha muda, inafifia papo hapo. Kwa hiyo: usitumie kabisa saa za Dar ndani ya daraja, chukua UTC ya kompyuta. Stale iwe sekunde 12 mbele, kwa sababu kwa kawaida DIS hurudia taarifa ya chombo kila sekunde 5 hata kama kimesimama, na kikikaa kimya sekunde 12 huhesabiwa kimeondoka. USIWEKE saa nzima "ili isipotee".

Maswali hapa chini.

mchumba_wa_ruta: Mkuu haifanyi kazi.

Mwandishi: Nini haifanyi kazi? Wireshark inaonyesha nini?

mchumba_wa_ruta: Sijaiweka.

Mwandishi: Hatua ya 2.

kijana_wa_kigogo: Pakiti naziona, simu kimya. Niko Wi-Fi ya wageni, hotelini.

Mwandishi: Wi-Fi za wageni mara nyingi hutenganisha vifaa visionane. Beba ruta yako.

dada_tabata: Samahani kaka, kamanda akitaka boti iende Kigogo, mbona haitii? Ramani inaonyesha tu.

Mwandishi: Swali zuri dada. Daraja hili ni la upande mmoja. DIS kazi yake kubwa ni kueleza kilipo chombo na kinachotokea. Kupokea mpango wa kamanda ni habari nyingine. Ndiyo maana SISO, shirika la viwango vya simulesheni, walitoa kiwango cha C2SIM mwaka 2020, wakaunganisha mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali: MSDL iliyopanga hali ya kuanzia na C-BML iliyobeba amri na ripoti. Yote ni XML. Simulesheni ikiielewa, amri inaingia na ripoti inarudi bila mtu kukaa katikati akichapa upya. Chuo cha George Mason, Marekani, walitengeneza seva ya wazi ya kujifunzia. Ukikwama niandikie, hata PM.

komandoo_mstaafu: Tupe na ya mitambo ya jeshi letu basi.

Mwandishi: Hapana. Siijui, na ningeijua nisingeiandika hapa.

fundi_redio: Nyongeza: kama daraja liko kwenye Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na hakuna intaneti, inaamka na muda wa zamani.

Mwandishi: Kweli kabisa. Ongeza kisaa cha DS3231, au chukua muda kwenye GPS.

mpima_ardhi: Na wenye ramani za karatasi: nyingi zetu zimepimwa kwa msingi wa Arc 1960, si WGS84 inayotumiwa na GPS. Mkinakili namba bila kubadili mtakosea karibu mita 300. Halafu kwenye gridi ya UTM Dar ni kanda ya 37 kusini, lakini kwenye MGRS, gridi ya kijeshi, ni 37M. Ukiandika 37S umefika Syria.

dada_tabata: Hiyo Arc 1960 kwenye QGIS, ile programu ya ramani ya kompyuta, naitafuta kwa namba gani?

mpima_ardhi: EPSG 21037.