Jinsi ya Kuufuata Mwendo wa Vita vya Miaka Mia bila Kupotea

Anayeanza kusoma habari za Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa hukutana mapema na fumbo: Waingereza walishinda Crécy mwaka 1346, wakashinda Poitiers mwaka 1356, wakashinda tena Azincourt mwaka 1415, na hata hivyo ndio walioshindwa mwishoni. Kukariri mapigano hayo makubwa hakutalifumbua fumbo hilo. Kila unapomaliza kusoma tukio moja, jiulize ni nani aliyebaki ameshika miji na ngome, na ni nani aliyeweza kutoza kodi ya kuwalipa askari mwaka uliofuata.

Tangulia na ramani kabla ya wafalme. Tafuta Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kisha weka alama kwenye eneo la Guyenne linaloizunguka. Eneo hilo lilikuwa urithi wa wafalme wa Uingereza, lakini kwa desturi za ukabaila walilishika chini ya mfalme wa Ufaransa, na kila mmoja wao alitakiwa kumpigia magoti na kumlia kiapo cha utii. Hiki ndicho kiini cha ugomvi. Ukishakielewa, ongeza suala la nasaba: Charles IV alipofariki mwaka 1328 bila kuacha mtoto wa kiume, wakuu wa Ufaransa walimpa taji binamu yake, Philippe VI wa ukoo wa Valois, wakamwacha Edward III wa Uingereza, ambaye mama yake alikuwa dada wa marehemu. Zingatia mfuatano wa miaka: Philippe alimnyang'anya Edward Guyenne mwaka 1337, na Edward akajitangaza rasmi kuwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1340.

Kisha igawe miaka hiyo 116 katika vipindi vitatu: 1337 hadi 1360, 1369 hadi 1389, na 1415 hadi 1453. Kati yake palikuwa na mapatano ya kusimamisha vita, ambayo hayakuheshimiwa kila mahali.

Katika kipindi cha kwanza, soma kwa haraka habari za wapiga upinde wa Crécy, kwa kuwa tunda la kudumu la safari ile ya kivita ya Edward lilikuwa mji wa Calais, uliosalimu amri mwaka 1347 baada ya kuzingirwa kwa takriban mwaka mzima. Mahali pa kutulia ni baada ya Poitiers, ambako Mfalme Jean II mwenyewe alitekwa. Mapatano ya Brétigny ya mwaka 1360 yaliweka fidia yake kuwa ekyu (sarafu za Ufaransa) milioni tatu za dhahabu, na ili kuilipa, Wafaransa walianza kutozwa kodi ambazo baadaye zilizoeleka na kuendelea. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko ushindi wowote wa uwanjani, kwa sababu aibu ya kutekwa mfalme ndiyo iliyoipatia serikali ya Ufaransa mapato yaliyowalipa askari wa mwanawe.

Mwana huyo, Charles V, ndiye mtu wa kipindi cha pili, na nakuomba usikiruke kipindi hiki kwa kuwa hakina pigano maarufu. Yeye na jemadari wake, Bertrand du Guesclin, waliepuka kwa makusudi kupambana na majeshi makubwa ya Waingereza uwanjani, wakayaacha yazunguke na kuchoka, huku wao wakirudisha mji baada ya mji. Charles alipofariki mwaka 1380, Waingereza walikuwa wamebakiwa na vipande vichache vya pwani, vikiwemo Calais, Bordeaux na Bayonne.

Kipindi cha tatu usikianzie Azincourt. Kianzie mwaka 1392, Charles VI aliposhikwa na wazimu, na mwaka 1407, ndugu yake Louis wa Orléans alipouawa kwa amri ya Jean, mtawala wa jimbo la Burgundy. Bila mpasuko huo kati ya wakuu wa Ufaransa, Henry V, mfalme wa Uingereza, asingepata upenyo mpana namna ile. Jean naye alipouawa mwaka 1419, mwanawe Philippe aliungana na Waingereza, na mwaka uliofuata mapatano ya Troyes yakamfanya Henry mrithi wa taji la Ufaransa. Henry alifariki mwaka 1422, majuma machache kabla ya mfalme aliyetazamia kumrithi.

Jeanne d'Arc, msichana wa Kifaransa aliyekwenda vitani, umsome kwa heshima anayostahili: aliongoza kuvunjwa kwa mzingiro wa Orléans mwezi Mei 1429, akamfikisha Charles VII, mwana wa Charles VI, mjini Reims kutawazwa mwezi Julai. Ila baada ya yeye kuchomwa moto Rouen mwaka 1431, vita viliendelea kwa miaka 22, kwa hiyo fuata pia upatanisho wa Arras wa mwaka 1435, ulioirudisha Burgundy upande wa Charles, na vikosi vya kudumu alivyoviunda mwaka 1445.

Malizia kwa kurudi kwenye ramani yako. Mizinga ya Wafaransa ilishinda Castillon, mashariki mwa Bordeaux, tarehe 17 Julai 1453, na Bordeaux ikasalimu amri mwezi Oktoba. Hakuna mkataba wa amani uliotiwa saini mwaka huo, hivyo tarehe ya mwisho iandike pale pale Bordeaux, ulipoweka alama ya kwanza, kisha uizungushie Calais duara, kwa kuwa Waingereza waliendelea kuishika hadi mwaka 1558.