Gari limezeeka ndani: mambo ya kuzingatia kabla hujashika gundi

Gari la mwaka 2004 linaweza kuwa na injini ya kumringia jirani, huku ndani kitambaa cha dari kinamgusa abiria utosini, dashibodi imepasuka na vitufe vya redio vinanata vidoleni. Vitu hivi hutengenezeka, na vingi hutengenezeka kwa bei nafuu. Ila vikitengenezwa ovyo huharibika mara mbili. Kwa hiyo kabla hujaenda kutafuta spea Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, pitia haya kwanza.

Betri. Andika namba ya siri ya redio kama redio yako ni ya kudai namba hiyo ikikatiwa umeme, zima swichi, toa ufunguo, kisha chomoa terminali ya hasi. Toyota husema usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), kwa sababu mfumo hubaki na umeme wake wa akiba. Wewe subiri dakika tano. Soketi yoyote ya manjano utakayokutana nayo chini ya siti au ndani ya nguzo zinazoshika paa ni ya eabegi: usiipime kwa mita, usiiunganishe na waya mwingine.

Klipu, yaani vibanio vya plastiki vinavyoshika makava ya ndani. Nunua kabla ya kufungua. Plastiki iliyopigwa jua miaka ishirini hukatika ukiigusa tu, na kava la mlango lililorudishwa na klipu nusu litapiga kelele kila shimo la barabara. Toa moja, nenda nayo dukani ukafananishe kipenyo na urefu. Kwa kubandulia tumia kipande cha plastiki ngumu. Kama huna ila bisibisi bapa, izungushie tepu. Na fungua gari likiwa na joto. Asubuhi ya baridi, hasa kwa walioko Mbeya au Limuru, plastiki hupasuka upesi.

Kapeti yenye unyevu. Usiianike kabla hujajua maji yanatoka wapi. Weka magazeti sakafuni, washa AC nusu saa. Maji safi yasiyo na harufu mbele ya abiria mara nyingi ni bomba la AC la kutolea maji kuziba. Lizibue kutoka chini ya gari. Maji yanayoteleza na kunukia utamu ni ya rejeta, maana hita ya ndani inavuja. Yakionekana siku ya mvua tu, fungua mlango uangalie ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava. Mafundi redio huichana wakifunga spika na hawairudishi. Kausha pia sufi iliyo chini ya kapeti, kwani juu huwa pakavu huku chini panalowesha waya.

Sasa dari, ambako fedha za watu hupotea zaidi. Mwenye gari anaona tumbo limeshuka katikati. Anaambiwa ni gundi tu imeachia. Fundi anajaza gundi kwenye sindano, anatoboa kitambaa hapa na pale, anasukuma kwa kiganja, kitambaa kinashika. Jioni panapendeza. Gari likianikwa jua wiki moja, matumbo matatu yanazaliwa pale palipokuwa na moja, na kila palipodungwa pana doa gumu la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Analipa tena kubandua kila kitu, na safari hii kitambaa cha zamani hakifai hata kwa majaribio.

Sababu ni kwamba gundi haikuachia. Kitambaa cha dari kimegandishwa na sponji nyembamba, ya milimita 3 hadi 5, na sponji ndiyo iliyobandikwa kwenye ubao wa dari. Joto na unyevunyevu wa miaka huivunja sponji ikawa unga. Ukipaka gundi unabandika kitambaa kwenye unga. Jaribio lake ni rahisi: ingiza kidole pale palipolegea ukwangue. Kikirudi na chembe za manjano au rangi ya chungwa, usidunge sindano popote. Ubao wote unatoka.

Kuutoa: ondoa vizuia jua, taa, mikono ya kujishikia, mipira ya milango na makava ya nguzo. Kava lenye maandishi SRS AIRBAG vuta polepole. Klipu zake huwa na kamba fupi ya kulizuia lisiruke eabegi ikifumuka, na zilizovutika hubadilishwa. Laza siti za mbele kabisa, muwe wawili, muutolee mlango wa nyuma kama ni stesheni wagon. Ubao ukikunjwa unabaki na mkunjo daima.

Bandua kitambaa taratibu na ukitunze kiwe kipimo. Vaa barakoa, miwani na glavu, kwa sababu unga unakaba na mbao nyingine zina nyuzi za kioo. Kwangua sponji kwa brashi ya nguo. Brashi ya waya inachimba ubao, maji yanaulegeza. Pitisha kiganja, kama kinatoka na unga, bado. Kazi hii ya kuchosha ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo wanayoiruka wenye haraka.

Kitambaa kipya lazima kiwe na sponji yake mgongoni, kilichozidi ubao sentimita 10 kila upande. Kitambaa kitupu kitaonyesha kila kovu. Gundi ulizia inayohimili joto: hewa ya ndani ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 60, na bati la juu huwa la moto zaidi. Gundi nyeupe ya mbao haina nafasi hapa. Ile ya manjano ya mafundi viatu hufaa ikipakwa nyembamba. Ikiwa nzito inapenya sponji na kutokeza upande wa pili. Paka pande zote mbili, acha mpaka iguse kidole bila kukifuata, kisha laza kuanzia katikati, nusu kwa nusu. Penye mabonde sukuma kitambaa kiingie mpaka chini. Ukikivuta juu ya bonde kama ngozi ya ngoma, pale ndipo kitakapoachia kwanza. Acha siku nzima kabla ya kutoboa matundu ya taa na kurudisha. Kingo zikunjie nyuma ya ubao, na usigundishe kitu kwenye bodi ya gari pembeni: eabegi ya pazia hushukia hapo.

Vitufe vinavyonata havihitaji kubadilishwa. Lile tabaka laini juu ya plastiki limeoza. Lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya famasi, ukijua kwamba alama nazo zinaweza kufutika. Petroli na tina hapana, zinayeyusha plastiki. Dashibodi iliyopasuka ivalishe kava, lakini lisizibe eabegi ya abiria. Kava la siti vilevile: kama siti ina eabegi ubavuni, kava lisilo na uwazi hapo ni hatari.

Gundi inashika moto, basi usivute sigara wala kufanyia kazi ndani palipofungwa. Bolti ikibaki mkononi mwishoni, ina pake. Ukirudisha betri, taa ya SRS (mfumo wa eabegi) itawaka sekunde chache na kuzima. Ikiendelea kuwaka, usikubali fundi achomoe balbu. Vioo viache wazi siku ya kwanza, mtoto mchanga asipande mpaka harufu iishe, na gari lipaki kivulini.